Kupima Maendeleo ya Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila ripoti ya maendeleo inapotoka, na kila mtu anaposikia "asilimia" kwenye taarifa ya habari akajiuliza imetoka wapi. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yanayowakwaza hata wazoefu. Si lazima uyasome kwa mfuatano. Jambo lililokwisha elezwa kwingine halirudiwi. Utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kupima maendeleo ya nchi ni kufanya nini hasa?

Ni kulinganisha mambo matatu: nchi ilikuwa wapi, iko wapi sasa, na ilisema itafika wapi. Kikikosekana kimoja, hakuna kipimo. Ukiambiwa "asilimia 78 ya kaya zina umeme", bado hujaambiwa lolote kuhusu maendeleo mpaka ujue miaka mitano iliyopita zilikuwa ngapi, na ahadi ilikuwa zifike ngapi.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye kupata namba. Ugumu huanza mapema zaidi, kwenye kukubaliana ni jambo gani lihesabiwe na nani ahesabiwe. Ambaye hakuhesabiwa hayumo kwenye mpango, na asiyekuwemo kwenye mpango hana fungu kwenye bajeti. Kwa sababu hiyo, suala hili haliwezi kuachiwa watakwimu peke yao.

2. Lengo, shabaha na kiashiria si kitu kilekile?

Hapana. Lengo ni nia: kila mtu apate maji safi. Shabaha huifunga nia hiyo kwa kiasi na tarehe: kutoka asilimia fulani hadi asilimia fulani, ifikapo mwaka fulani. Kiashiria ndicho kinachopimwa ili kujua kama shabaha inakaribiwa, kwa mfano sehemu ya kaya zinazoweza kwenda kuchota maji na kurudi ndani ya dakika 30.

Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015, yana ngazi zote tatu: malengo 17, shabaha 169, na viashiria zaidi ya 230. Ni mengi, na hakuna nchi inayoweza kuyafuatilia yote kwa uzito uleule. Ukikuta mpango wa taifa wenye malengo matamu lakini hauna kiashiria hata kimoja chenye tarehe, hapo hakuna cha kupimwa.

3. Je, malengo ya taifa lazima yafanane na ya Umoja wa Mataifa?

Si lazima. Malengo ya kimataifa ni makubaliano, na kila nchi huamua itayaingizaje kwenye mipango yake. Baadhi ya shabaha zenyewe zimeachiwa nchi. Ile ya kupunguza umaskini kwa nusu ifikapo 2030, kwa mfano, inapimwa kwa tafsiri ya umaskini ya nchi yenyewe. Kinachofaa kuangaliwa ni kama shabaha ya taifa imewekwa chini ya ile ya kimataifa bila sababu kutajwa.

4. Kianzio ni nini, na kwa nini kinazua ubishi?

Kianzio ni mwaka ambao hesabu inaanzia, pamoja na thamani ya kiashiria katika mwaka huo. Ukikisogeza, umebadilisha habari nzima.

Malengo ya Maendeleo ya Milenia, yaliyotangulia Malengo ya Maendeleo Endelevu, yalitokana na azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2000, lakini shabaha zake nyingi zilihesabiwa tangu 1990. Kwa hiyo mabadiliko ya miaka kumi yalikwisha kuingia daftarini kabla ahadi haijatamkwa. Shabaha ya kupunguza kwa nusu uwiano wa watu walio katika umaskini uliokithiri duniani ilifikiwa mwaka 2010, miaka mitano kabla ya muda, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitoka Uchina, ambako umaskini ulianza kushuka kwa kasi kabla ya azimio. Mafanikio ni ya kweli, ila si yote yaliyoletwa na ahadi ile.

Njia nyingine ya kupotosha ni kuanzia kwenye mwaka mbaya. Anzia mwaka wa ukame, wa vita, au 2020 ule wa Uviko, na karibu kila kitu kitaonekana kupanda. Ripoti ikianzia mwaka usioeleweka, tafuta miaka miwili mitatu ya nyuma yake.

5. Takwimu zenyewe zinatoka wapi?

Nguzo ni sensa ya watu na makazi, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka 10. Bila kujua watu ni wangapi, kila asilimia inaelea hewani. Kati ya sensa na sensa kuna tafiti za kaya, ambazo wadadisi hupita na dodoso kwenye sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Zipo pia kumbukumbu za kiutawala: rejista za shule, vituo vya afya, vizazi na vifo, kodi na forodha. Siku hizi kuna na picha za satelaiti zinazoonyesha misitu, mashamba, hata mwanga wa taa usiku.

Kila chanzo kina maradhi yake. Kwenye sensa, watu wasio na cheti cha kuzaliwa hukisia umri, na makisio hayo yanarundikana kwenye 30, 40 na 50. Watakwimu hupima mrundikano huo kwa fahirisi ya Whipple. Tafiti za kaya humkosa asiyeishi kwenye kaya: asiye na makazi, mfungwa, mgonjwa aliyelazwa miezi mingi. Hao ndio mara nyingi walio na hali ngumu kuliko wote. Rejista nayo humjua tu yule aliyefika dirishani.

## Uchumi

6. Pato la Taifa likikua, si inatosha kusema nchi inaendelea?

Haitoshi, na aliyesaidia kukijenga kipimo hicho ndiye alikuwa wa kwanza kuonya. Mchumi Simon Kuznets alipowasilisha hesabu za pato la taifa mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1934, aliandika wazi kwamba ustawi wa taifa hauwezi kujulikana kwa kutazama pato lake tu.

Pato la Taifa hujumlisha thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa ndani ya mipaka kwa kipindi fulani. Kulea mtoto wako mwenyewe au kumuuguza mzazi nyumbani hakumo. Kumlipa mtu mwingine afanye kazi hiyohiyo kumo. Msitu ukikatwa na kuuzwa mbao, pato linapanda, na hakuna mahali kwenye jumla hiyo panapoandikwa kwamba msitu haupo tena.

Tena pato linaweza kupaa bila maisha ya mtu kubadilika. Mwaka 2015 uchumi wa Ayalandi ulitangazwa kukua kwa zaidi ya asilimia 26, hasa kwa sababu kampuni chache za kimataifa zilihamishia huko umiliki wa hakimiliki na mali nyingine zao. Wananchi hawakuwa wametajirika kwa robo. Ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ililazimika kubuni kipimo kingine cha pato kinachoondoa athari hizo, na nadhani huo ni mfano mzuri wa ofisi inayoheshimu wasomaji wake.

7. Tunaambiwa uchumi umekua kwa asilimia 6. Mbona mfukoni hatuoni?

Kwanza, toa ongezeko la watu. Uchumi ukikua kwa asilimia 6 huku watu wakiongezeka kwa asilimia 3, kila kichwa kimepata chini kidogo ya asilimia 3. Kwa mwendo huo, pato la mtu mmoja huchukua takriban miaka 24 kuongezeka maradufu.

Pili, uliza ukuaji umetoka sekta gani. Mgodi au mtambo wa gesi unaweza kubeba sehemu kubwa ya ukuaji huku ukiajiri watu wachache, wakati kilimo kinachobeba watu wengi kimesimama. Tatu, wastani hauonyeshi aliyepata ni nani (tazama swali la 11). Hakikisha pia kwamba ukuaji unaotajwa umeshaondolewa mfumuko wa bei. Kwa kawaida unakuwa umeondolewa, lakini kwenye hotuba lolote linawezekana.

8. Inawezekanaje uchumi wa nchi uongezeke karibu maradufu kwa siku moja?

Inawezekana kwa kubadilisha mwaka wa kizio. Hesabu za pato hutumia picha ya muundo wa uchumi katika mwaka fulani. Picha ikichakaa, shughuli mpya hazionekani. Aprili 2014 Nigeria ilihama kutoka mwaka wa kizio 1990 kwenda 2010, na pato lake la mwaka 2013 likapanda kwa asilimia 89, likaipita Afrika Kusini. Simu za mkononi na tasnia ya filamu, ambazo mwaka 1990 hazikuwa na uzito wowote, sasa zilikuwa zimehesabiwa. Ghana ilifanya hivyo Novemba 2010, na pato lake likaongezeka kwa takriban asilimia 60.

Hakuna aliyekula zaidi siku ile, na hakuna aliyedanganya. Lakini viashiria vyote vinavyogawanywa kwa Pato la Taifa husogea pamoja nalo: deni linaonekana dogo, makusanyo ya kodi yanaonekana hafifu, bajeti ya elimu inaonekana imeporomoka. Kabla ya kulinganisha miaka, hakikisha yote imehesabiwa kwa mwaka mmoja wa kizio.

9. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni kidogo sana. Vijana wote hawa wasio na kazi wako wapi?

Tusikilize mdadisi akiwa na dodoso. Swali la mwanzo huwa la namna hii: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja tu?" Kijana aliyebeba mizigo asubuhi moja anajibu ndiyo. Basi, ameajiriwa, dodoso linaruka kwenda sehemu nyingine. Anayejibu hapana anaulizwa kama ametafuta kazi katika wiki nne zilizopita. Aliyezunguka mwaka mzima hadi akakata tamaa anajibu hapana tena, naye anaandikwa kuwa nje ya nguvukazi. Wote wawili hawamo kwenye idadi ya wasio na ajira.

Huo ndio utaratibu wa Shirika la Kazi Duniani, na una sababu zake, kwani unaziwezesha nchi kulinganishwa. Mwaka 2013 ulibadilishwa pia kuhusu wakulima: anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani anahesabiwa kuwa anafanya kazi, lakini hayuko kwenye ajira. Nchi iliyohamia utaratibu mpya inaweza kuonekana imepoteza ajira nyingi, hasa za wanawake wa vijijini, wakati mashambani hakuna kilichobadilika.

Usisome kiwango cha ukosefu wa ajira peke yake. Kisome pamoja na ajira pungufu, ajira isiyo rasmi, na sehemu ya vijana wasio shuleni, wasio kazini wala kwenye mafunzo. Hicho cha mwisho ndicho ningekitafuta kwanza.

10. Mstari wa umaskini wa kimataifa unabadilikabadilika. Tuuamini upi?

Mstari wa Benki ya Dunia ulianza ukiwa takriban dola 1 kwa siku mwaka 1990. Ulifika 1.25 mwaka 2008, 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022, na dola 3.00 mwezi Juni 2025. Dola hizi si za duka la kubadilishia fedha. Zimerekebishwa kwa uwezo wa kununua katika kila nchi. Mstari huhama pale takwimu mpya za bei zinapopatikana na nchi maskini zenyewe zinaporekebisha mistari yao. Mabadiliko ya 2025 yaliongeza zaidi ya watu milioni 100 kwenye hesabu ya maskini, ingawa hakuna aliyefukarika usiku huo.

Kwa kulinganisha nchi, tumia mstari mmoja wa kimataifa kwa miaka yote. Kwa sera za ndani, mstari wa taifa unafaa zaidi kwa sababu umejengwa juu ya mahitaji ya watu wa hapo.

## Jamii

11. Wastani unaficha nini?

Unaficha kila aliye mbali na katikati. Watu kumi wakiwa na kipato cha 10 kila mmoja, wastani ni 10. Mmoja akiwa na 91 na tisa waliobaki wakiwa na 1 kila mmoja, wastani bado ni 10.

Kipimo mashuhuri cha pengo hilo ni mgawo wa Gini, uliotokana na kazi ya Corrado Gini ya mwaka 1912: sifuri maana yake wote wako sawa, moja maana yake kila kitu ni cha mtu mmoja. Kasoro yake ni kwamba haukuambii pengo liko juu, katikati au chini. Kwa hiyo baadhi ya watu hupenda uwiano wa Palma, unaolinganisha fungu la asilimia 10 ya juu na fungu la asilimia 40 ya chini. Hata hivyo, dawa bora ni kuchambua kila kiashiria: mjini na kijijini, wanawake na wanaume, wenye ulemavu na wasio nao, mkoa kwa mkoa. Ripoti isiyo na uchambuzi huo haijakuonyesha nchi.

12. Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ina tofauti gani na umaskini wa nyanja nyingi?

Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ilianza mwaka 1990 chini ya mchumi Mahbub ul Haq, akisaidiwa na mawazo ya mchumi mwenzake Amartya Sen. Inaunganisha umri wa kuishi unaotarajiwa mtoto anapozaliwa, miaka ya shule, na pato la mtu mmoja. Ni picha ya nchi kwa ujumla wake. Mwaka 2010 namna ya kuunganisha ilibadilishwa, ili nchi iliyo hoi kwenye afya isiweze kufidiwa kirahisi na utajiri wake. Nililipenda badiliko hilo.

Kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, nacho cha mwaka 2010, huanzia kwenye kaya. Kinaangalia mambo kumi ya afya, elimu na hali ya maisha, na anayekosa theluthi moja au zaidi ya mahitaji hayo kwa uzito wake anahesabiwa maskini. Cha kwanza hukuambia nchi iko wapi. Cha pili hukuambia nani amekosa nini, na ndicho chenye faida zaidi kwa mtu anayepanga.

13. Udumavu wa watoto unapimwaje, na kwa nini namba zake zinarukaruka?

Mtoto amedumaa pale urefu wake unapokuwa chini ya urefu wa katikati wa watoto wa umri wake kwa zaidi ya hatua mbili za mtawanyiko (kipimo cha jinsi urefu wa watoto unavyotofautiana), kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006. Viwango hivyo vilitokana na watoto waliokuzwa katika mazingira mazuri huko Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani.

Sasa tazama kazi yenyewe. Mtoto wa miezi 14 analazwa kwenye ubao. Mtu mmoja anashika kichwa kikiwa kimegusa ubao wa juu. Mwingine anabonyeza magoti taratibu na kusogeza kibao hadi kwenye nyayo. Mtoto analia, anakunja mguu, mama ana wasiwasi, na kipimo kinatakiwa kisomwe hadi milimita. Wa chini ya miaka miwili hulazwa, wa zaidi husimama, na tofauti ya namna hizo mbili ni takriban sentimita 0.7. Mdadisi aliyechoka akimsimamisha aliyetakiwa kulazwa, tayari amempunguzia mtoto urefu. Umri ukikosewa miezi mitatu, mtoto mzima anaandikwa kuwa amedumaa, au mdumavu anaandikwa mzima.

Kuna njia rahisi ya kukagua. Urefu wa watoto maelfu ungeishia kwenye tarakimu zote kumi kwa usawa. Ukikuta nusu yake umeishia kwenye .0 au .5, jua wapimaji walikuwa wanakisia. Ripoti nzuri za utafiti huchapisha ukaguzi huo kwenye viambatisho, na mimi huanzia huko kabla sijasoma muhtasari.

14. Chanjo imefikia asilimia 112. Inawezekanaje?

Kilichokosewa hapo ni kigawanyo, si mtoto. Juu kuna idadi ya dozi zilizoandikwa. Chini kuna idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwepo, mara nyingi kutokana na sensa ya zamani. Watu wakiwa wamehamia eneo hilo kwa wingi, au akina mama wa wilaya jirani wakivutiwa na kituo kile, juu kunaizidi chini. Hatari iko kwa jirani anayesomeka asilimia 95 kwa kosa hilohilo: yeye hashtukiwi, na watoto wasiochanjwa hawatafutwi. Linganisha na utafiti wa kaya, ambako mdadisi anaomba kadi ya chanjo na kuiona kwa macho.

## Mazingira

15. Mazingira yanapimwaje wakati hayana bei?

Mengi hupimwa bila bei kabisa. Hewa hupimwa kwa mikrogramu za vumbi laini kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwaka kutoka 10 hadi 5 mwaka 2021, na miji mingi iliyokuwa salama kwenye karatasi ikaacha kuwa salama. Pia upo mfumo wa hesabu za mazingira wa Umoja wa Mataifa, unaoandika akiba ya maji, misitu na madini karibu na hesabu za uchumi, ili kinachochukuliwa kionekane.

Penye mtego mkubwa ni maana ya maneno. Kwa Shirika la Chakula na Kilimo, msitu ni eneo la zaidi ya nusu hekta lenye miti inayoweza kufika mita 5, na vivuli vinavyofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Shamba la mipira ni msitu. La michikichi si msitu. Eneo lililofyekwa lote lakini linatarajiwa kuota tena bado ni msitu. Nchi inaweza kupoteza msitu wa asili, ikapanda miti ya aina moja mahali pengine, na kiashiria cha eneo la misitu kisitikisike. Tafuta safu ya msitu wa asili peke yake.

16. Utoaji wetu wa hewa ukaa umeshuka. Tushangilie?

Angalia kwanza kama viwanda vimekuwa safi au vimehama. Hesabu rasmi huandika gesi iliyotolewa ndani ya mipaka. Chuma kikiyeyushwa nchi nyingine kisha mkakinunua, moshi ni wao na daraja ni lenu. Hesabu ya matumizi hurekebisha hilo, na nchi nyingi tajiri huonekana vibaya zaidi zinapopimwa hivyo.

## Kusoma ripoti

17. Nitajuaje kama tuko njiani kufikia shabaha?

Fanya hesabu mwenyewe. Dakika tano zinatosha. Tuchukue nchi ya kubuni: vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa 80 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015, na shabaha ni 25 mwaka 2030. Mwaka 2022 vimefika 52.

Ukichora mstari ulionyooka, ilitakiwa ifike takriban 54, kwa hiyo ripoti itaweka rangi ya kijani, yaani nchi iko njiani. Lakini vifo hupungua kwa uwiano: kila mwaka sehemu fulani ya vilivyobaki. Kwa njia hiyo ilihitajika kushuka asilimia 7.5 kila mwaka, na mwaka 2022 ilitakiwa iwe karibu 46. Nchi hii imeshuka kwa asilimia 6 tu. Ili ifike, miaka minane iliyobaki lazima ishuke kwa karibu asilimia 9 kila mwaka. Namba zilezile, rangi mbili tofauti. Ripoti isiyosema imetumia njia gani haijamaliza kazi yake.

18. Umaskini umeshuka kutoka asilimia 26.4 hadi 25.8. Ni maendeleo?

Huenda hakuna kilichotokea. Utafiti wa sampuli una makosa ya sampuli. Kwa watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kosa linaweza kufika pointi 3 juu au chini. Tafiti za kitaifa zina sampuli kubwa zaidi, lakini kaya zake huchaguliwa kwa makundi ya vijiji na mitaa, na hilo huongeza kosa. Tafuta kiwango cha kosa kwenye jedwali. Kisipokuwepo, tofauti ya chini ya pointi moja usiipigie ngoma.

Usichanganye asilimia na pointi pia. Kutoka asilimia 20 hadi 25 ni ongezeko la pointi 5, na wakati huohuo ni ongezeko la asilimia 25.

19. Kiashiria kisicho na takwimu kinaandikwaje?

Kiachwe wazi, kiandikwe "hakuna takwimu". Wapo wanaokiondoa kwenye jedwali, na alama ya jumla ikapanda. Wapo wanaoweka makadirio ya mashirika ya kimataifa bila kusema ni makadirio. Vifo vya uzazi katika nchi zisizosajili vifo mara nyingi ni matokeo ya modeli, na mpaka wa chini na wa juu unaweza kutofautiana sana. Kitundu kilicho wazi humwambia waziri wa fedha pesa ya utafiti iende wapi.

20. Tutajuaje kama takwimu zimepikwa?

Mara chache utaona namba ya uongo mtupu. Kinachotokea zaidi ni kuchelewesha, kubadilisha tafsiri, au kuacha kuchapisha: kufunika kombe mwanaharamu apite. Lakini mficha maradhi huumbuliwa. Ajentina, ambayo takwimu zake za mfumuko wa bei zilitiliwa shaka tangu 2007, ilikemewa rasmi na Shirika la Fedha la Kimataifa Februari 2013, na kemeo hilo likaondolewa 2016 baada ya marekebisho. Nakisi ya bajeti ya Ugiriki ya mwaka 2009 ilitajwa kwanza kuwa chini ya asilimia 4 ya pato, na ikaishia karibu 15. Waliolipia ni wastaafu na wagonjwa.

Dalili za afya zinajulikana. Kuna kalenda ya kutoa takwimu iliyotangazwa mapema, na inafuatwa hata habari zikiwa mbaya. Mbinu zimechapishwa. Takwimu ghafi zisizo na majina zinapatikana kwa watafiti. Namba ikirekebishwa, sababu inatolewa. Umoja wa Mataifa una kanuni kumi za takwimu rasmi, zilizopitishwa na Tume ya Takwimu mwaka 1994 na Baraza Kuu mwaka 2014, na zinaweza kutumiwa kuihoji ofisi yoyote.

21. Kwa nini kiashiria kikishakuwa shabaha huanza kuharibika?

Kwa sababu watu hufanyia kazi kinachopimwa. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alilieleza hili mwaka 1975 kuhusu sera za fedha, na linaonekana kila mahali. Shule zikipimwa kwa kiwango cha ufaulu, mwanafunzi dhaifu anashauriwa arudie darasa au asijisajili kwa mtihani. Ufaulu unapanda, na kuna mtoto yuko nyumbani.

Viashiria viende viwiliwili: ufaulu pamoja na idadi ya walioacha shule, uandikishaji pamoja na uwezo wa kusoma, idadi ya visima pamoja na visima vinavyotoa maji mwaka mmoja baada ya kuzinduliwa.

22. Malengo yakigongana, tunafanyaje?

Barabara inakuza biashara na kupasua msitu; mbolea inaongeza mavuno na kuharibu ziwa. Hakuna hesabu ya kulimaliza hilo, kwa kuwa ni uamuzi wa watu. Ninachokipinga ni kuvijumlisha vyote kwenye alama moja, ili kijani cha uchumi kifunike wekundu wa maji ya ardhini. Vikae bega kwa bega ili aliyeamua aonekane ameamua nini. Linganisha na badiliko la 2010 kwenye swali la 12.

23. Mwaka wa mwisho ukifika bila shabaha kufikiwa, nini hutokea?

Kisheria, mara nyingi hakuna. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema asilimia 17 tu ya shabaha za Malengo ya Maendeleo Endelevu zilikuwa njiani kufikiwa, kwa hiyo swali hili litaulizwa sana ifikapo 2030. Ripoti ya mwisho inapaswa kusema umbali uliotembewa, na wapi na kwa nani mwendo ulikwama.

Kosa la kuepuka ni kubadilisha kiashiria na tarehe kwa mpigo mmoja. Kwenye maji, Malengo ya Milenia yalihesabu chanzo kilichoboreshwa, kama kisima kilichofunikwa, bila kupima maji yenyewe, na shabaha ikatangazwa kufikiwa 2010. Malengo yaliyofuata yalidai zaidi: maji yawe pale nyumbani, yawepo yanapohitajika, na yasiwe na uchafu wa kinyesi wala kemikali hatari. Tafsiri mpya ni bora na ya haki zaidi, lakini mamia ya mamilioni ya watu waliokwisha kuandikwa kuwa wamefikiwa walirudi kwenye foleni. Nchi iliyohifadhi safu zote mbili kwa miaka kadhaa inaweza bado kumwonyesha mtu wa kijiji fulani kwamba mwaka 2010 alikuwa na kisima, na kwamba hadi leo maji ya kisima kile hayajapimwa.